Mtu wa Theluji Yuko Benki

Jumanne, 23 Novemba 2004

Nimeshinda! Bado hakuna anayejua, lakini nimeshinda. Mashindano ya taa za Krismasi mtaani kwetu ni Jumamosi ya tarehe 4. Jirani yangu Duane Tollefson ameyachukua miaka tisa mfululizo. Safari hii atakiona cha mtema kuni. Nimeagiza mtandaoni mtu wa theluji wa kujazwa upepo, futi kumi na mbili, mwenye taa tumboni!

Kulipa ndiko kulikokuwa na kazi. Kadi yangu ya benki mke wangu Marlys aliikata kwa mkasi baada ya mimi kununua ile mashine ya kutengenezea soseji. Hundi ya karatasi haifai. Kila hundi huacha nakala chini yake, na Marlys huzisoma nakala hizo kila Jumapili, kwa makini kuliko Biblia. Lakini hundi ya mtandaoni! Unaandika namba zilizo chini ya hundi, basi. Hakuna karatasi, hakuna nakala, hakuna Marlys. Na ili nisiguse hundi hata moja, namba nimezitoa kwenye slipu za kuwekea pesa, zile za nyuma ya kijitabu cha hundi. Akili ni mali.

Jumatano, 24 Novemba

Barua pepe kutoka kwa wauzaji. Hawatumi mzigo mpaka hundi ipite benki. Siku tano za kazi! Nikaenda benki kumwomba Phyllis, karani wa dirishani, aisukume kidogo. Akasema haina pa kusukumia. Nikamwambia hundi yenyewe ni ya umeme. Akajibu, "Gordy, umeme una haraka, benki haina." Halafu kesho ni Sikukuu ya Shukrani, haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili pia hazihesabiwi. Nchi nzima inamsaidia Duane.

Alhamisi, 25 Novemba

Bata mzinga mkavu. Duane amewasha taa zake leo, mchana kweupe, paa zima! Akaniuliza kama mwaka huu nitaweka mshumaa au njiti ya kiberiti. Nikamwambia asubiri, anayekuja kwangu haenei mlangoni kwake. Akacheka mpaka akashika mbavu. Cheka, mzee, cheka.

Jumatatu, 29 Novemba

Hundi imerudi! Eti namba si sahihi. Phyllis anasema namba ya slipu ya kuwekea pesa ni ya benki, kwa kazi zao za ndani, haitoi hata senti. Anasema tangu aajiriwe mimi ndiye wa kwanza kulijaribu jambo hilo. Nikamshukuru.

Nimelipa upya kwa namba za hundi yenyewe. Ukurasa ukaganda. Nikabonyeza tena. Ukaganda. Nikabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, wajue sina mchezo.

Sasa hundi itapita Jumatatu ijayo. Mashindano ni Jumamosi. Potelea mbali! Sisalimu amri.

Jumamosi, 4 Desemba

Baridi ya kugandisha kope. Katikati ya ua nikasimamisha ubao, nikabandika risiti ya hundi niliyoichapa kutoka mtandaoni, nikaimulika kwa taa mbili. Chini yake nikaandika: MTU WA THELUJI AMESHALIPIWA. Bi Ardis, mwenyekiti wa waamuzi, akavaa miwani, akasoma yote, akauliza yuko wapi. Nikamwambia yuko benki.

Duane ameshinda mara ya kumi. Akaja kunipa mkono, nikamwachia glavu tupu. Lakini roho imeniuma, nasema kweli. Miaka kumi!

Alhamisi, 9 Desemba

Wamefika. Watatu! Kumbe kila kubonyeza ni hundi moja. Akaunti imekauka, na hundi ya Marlys, ya gunia la viazi vya kupikia chapati zake za viazi za kanisani, imekataliwa dukani, mbele ya mke wa Duane. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Gordy, ungeniambia unataka kumshinda Duane, mbona ningekuchangia."

Ijumaa, 10 Desemba

Marlys amewarudisha wote watatu kwa wenyewe. Halafu akaenda kwa Phyllis, akaifunga akaunti yetu, akafungua mpya kwa jina lake peke yake. Kijitabu kipya kiko kabatini na ufunguo uko shingoni mwake. Ameapa sitashika hundi mpaka nizikwe.

Maskini Marlys. Amesahau kitu kimoja. Namba za akaunti yetu ya zamani nimezikariri zote, tarakimu kwa tarakimu! Alipokwenda kanisani mchana huu nimeagiza kulungu wanane wa taa, wale wa Baba Krismasi, na kigari chao, kwa nusu bei. Safari hii nimebonyeza mara moja tu. Siku tano za kazi. Duane, jiandae!