Hotuba ya Kuzindua Tangi la Ludvík

Mheshimiwa Meya, ambaye hayupo, Waheshimiwa Madiwani mliofika na mliotuma udhuru, Bwana Kamanda wa Zimamoto, mlezi wa maji yote, Baba Paroko, akina mama wa keki za jibini, wana Dolní Brázda kwa ujumla wenu, na kwa heshima ya pekee Bibi Zdislava Hrubá, mjane wa fundi saa, aliyemleta samaki wake Ludvík ndani ya pipa la kabichi, tayari kuhamia tangini. (Makofi. Pipa linatikisika.)

Mimi, Radovan Kvasnička, Naibu Meya wa Maji, Utamaduni na Mengineyo, nimetembea. Vienna nimefika, Trieste nimefika, nimeona samaki wakubwa kuliko baadhi ya madiwani. (Kicheko. Diwani mmoja anaondoka.) Kwa hiyo nikizungumzia tangi, nazungumzia kitu ninachokijua.

Ndugu wadau, changamoto hii ni ya kihistoria na ni mtambuka. Kila Krismasi tunatia samaki kwenye beseni la kuogea, watoto wanampa jina, baada ya siku mbili tatu anakaangwa, au watoto wakilia sana anarudishwa mtoni. Basi Bibi Hrubá aliponunua kambare mkia-mwekundu, samaki wa mito ya joto, wa urefu wa kidole, muuzaji akamwambia, "Mama, beseni linatosha," naye akaamini, kwani nani hapa hajawahi kufuga samaki bafuni? Lakini Ludvík hakukaangwa. Ludvík alikula.

(Bibi Hrubá: "Bwana Naibu, hawezi hata kugeuka!")

Serikali ya mji inalitambua hilo, mama. Kamati yangu ilifanya upembuzi yakinifu, ikampima Ludvík toka mdomo hadi mkia, ikachora tangi la kisasa na endelevu. Mchoro ulipopitishwa, Ludvík alikuwa mrefu kuliko tangi. Tukachora la pili, likapitishwa kwa kishindo, Ludvík akalizidi kwa kichwa. Hapo ndipo mimi, bila kushauriwa na mtu, nikabuni sera mpya: samaki hapimwi alivyo, anapimwa atakavyokuwa! (Sauti: "Hata mama anayemnunulia mtoto koti anajua hilo!" Kicheko.) Ahsante, mdau.

Tena urefu peke yake haufai kitu. Upana ndio unaompa nafasi ya kugeuka. Akiukosa anajikwangua pua, anapinda mgongo, anapiga maji kwa mkia mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio, na ukienda kupiga mswaki anakukazia macho, utadhani ni wewe uliyemhukumu kifungo. (Watu wanatazamana.) Nimeelezwa tu. Asilimia tisini na saba ya waliohojiwa, yaani ofisi yangu, wanaunga mkono upana.

(Bibi Hrubá: "Radovan, mwanangu, maji yanapoa! Tangi liko wapi?")

Nafika hapo, mama. Wananchi, tangi pana! (Wananchi: "Samaki ageuke!") Mikakati mirefu! ("Samaki ageuke!") Dolní Brázda! ("Ageuke!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru aliyeshona pazia hili la buluu, ambalo naomba lisivutwe, maana nyuma yake kuna viazi vya Baba Paroko, havijavunwa. Namshukuru mkandarasi, popote atakapopatikana. (Minong'ono.) Na wewe, mama, nakushukuru kwa subira. Ningemchukua Ludvík leo hii, haki ya Mungu, lakini beseni langu lina Božena, niliyeuziwa akiwa wa kidole na muuzaji yuleyule, na mimi na mke wangu tunaoga kwa mama mkwe.

(Bibi Hrubá: "Maskini wee. Naye hageuki?")

Hageuki, mama. Haya, tumrudishe wako kabla maji hayajapoa. Bwana Kamanda, acha kupiga makofi. Shika pipa upande huo.