Koti Ishirini

Jumanne, 4 Novemba

Wiki ya tano tangu wanitie chuma kwenye nyonga. Niliteleza kwenye ngazi ya mlango wa mbele, ndoo ya maziwa mkononi. Mfupa ukalia ka! Mpaka leo nikifikiria kuinua mguu, nausikia tena. Karani mzima wa kupima chai, miaka thelathini na moja kwenye mizani, wachumaji wote wakiniogopa. Leo mimi naogopa sakafu.

Amekuja Yunia, daktari wa mazoezi kutoka zahanati. Mpole, lakini macho makali. Ametoa amri. Kukunja goti mara ishirini kila siku, kisha kutembea na fremu hadi mlangoni na kurudi. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari. Jumatatu anataka kuniona nikitembea hadi getini. Hatua arobaini! Nisipoweza, narudishwa wadini.

Wadini. Kitanda cha kushoto kilikuwa cha Mzee Kimeli wa Chebunyo, nyonga kama yangu. Alikataa kuinuka. Alisema atatembea akishapona. Kifua kikajaa, wakamfunika shuka mpaka usoni. Nilimuuliza Yunia kama ni mguu uliomuua.

"Hapana, Mzee," akasema. "Ni kitanda."

Sasa naogopa sakafu na kitanda pia. Nimebaki na kiti tu.

Jumatano, 5 Novemba

Mke wangu, Mama Weldon, ndiye amepewa kazi ya kunisimamia. Leo alikuwa nje akikamua ng'ombe, akaniita kupitia dirishani.

"Baba Weldon, koti umekunja?"

Alimaanisha goti. Ulimi wetu sisi Wakipsigis hauoni tofauti kubwa kati ya g na k. Mimi mwalimu wangu alinitandika mpaka nikaiona, ndiyo maana nikapata ukarani. Kwa hivyo nilielewa vizuri kabisa.

Lakini koti langu lilikuwa limening'inia kwenye msumari, karibu na kiti. Nikalitazama. Likanitazama. Nikalishusha, nikalikunja mara ishirini nikiwa nimekaa, bila kusogeza mguu hata kidogo. Nikamjibu kwamba koti nimemaliza, yote ishirini. Akafurahi sana.

Kwenye daftari nimeandika: Koti 20. Alama ya vema. Karani hadanganyi kwenye daftari.

Alhamisi, 6 Novemba

Koti 20. Vema.

Omariba amekuja kunitembelea. Huyu ni jirani yangu, alitoka Kisii zamani kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Tulivunjika nyonga mwezi mmoja, tukalala wadi moja. Na leo ameingia kwa fimbo moja! Peke yake! Akanywa chai vikombe vitatu, akaeleza jinsi alivyosimama kwenye foleni ya kituo cha kuuzia chai tangu asubuhi hadi gari likaja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa, kama mimi nimeshafika hata mlangoni.

Nilichukia. Nikasema mimi hufika getini kila alfajiri watu wakiwa hawajaamka. Akasema ni vizuri sana, Karani, basi Jumatatu ataningoja hapo getini twende wote kituoni.

Kwa nini nina mdomo? Tangu aondoke nalitazama geti kupitia dirishani. Hata koti silitaki tena leo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepata njia! Chai yenyewe.

Shamba linaanzia nyuma ya jikoni. Majani yamechumwa sawasawa juu, yanafika kiunoni, kushoto na kulia. Nikiingia katikati ya mistari nitashika pande zote mbili kama ninayetembea kati ya meza. Nifanye mazoezi kwa siri, Jumatatu nimfunge Omariba mdomo. Mama Weldon alikuwa ameenda soko la Silibwet. Nikavaa koti, nikatoka na fremu kwa mlango wa jikoni, maana ule wa mbele siukanyagi tena. Fremu haikuingia kati ya mistari. Nikaiacha mwanzoni, nikashika majani.

Hatua moja. Mbili. Kumi na moja! Nikacheka peke yangu, nikaegemea kupumzika.

Lo! Chai si meza. Mikono ilizama hadi kwapani, kifua juu ya kichaka, uso ndani ya majani, mguu wenye chuma nyuma umenyooka kabisa. Nikashindwa kwenda mbele, nikashindwa kurudi. Halafu mvua. Ilikuwa mvua kama hiyohiyo siku ile ya ngazi. Niliita, hakuna aliyesikia. Nikamwona Mzee Kimeli na lile shuka lake. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo, kwa kuwa hili si daftari la Yunia, hakuna atakayesoma hapa.

Njia ya kujitoa ilikuwa moja tu, kukunja goti. Sikutaka. Nilikaa pale mpaka maji yakaingia kwenye mgongo. Mwishowe nikafumba macho, nikauvuta mguu mbele. Goti likakunjika. La kweli, si la msumarini. Halikulia ka. Nikarudi hatua zote kumi na moja hadi kwenye fremu, nikiomba Mungu kwa kila hatua.

Mama Weldon amekuta koti limelowa na limeraruka. Nimemwambia nilikuwa nalikunja nje, nipate hewa. Ameanza kulitoa majani ya chai, moja moja.

Jumapili, 9 Novemba

Mwili wote unauma. Kesho ni kesho. Nimekataa kula. Koti limechukuliwa, liko kwenye kamba.

Nimeandika: Koti limefuliwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Yunia alisoma daftari. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Akamuuliza Mama Weldon ni koti gani. Mama Weldon akapiga goti lake kwa kiganja, akasema ni hili hapa, koti. Yunia akaniangalia. Mimi nikaangalia paa.

Akasema nisimame.

Nilitoka na fremu kwa mlango wa jikoni, nikazunguka nyumba. Yunia nyuma yangu, akiuliza kwa nini siutumii mlango wa mbele. Mimi nilikuwa nahesabu. Hatua ya kumi, jasho. Ya kumi na tano, nikasimama. Ardhi ilionekana mbali sana. Nikasema basi, nirudisheni wadini.

Ndipo Omariba alipoita kutoka getini. "Karani, njoo upesi. Naanguka."

Nikainua macho. Fimbo yake ilikuwa chini. Alikuwa amekumbatia nguzo ya geti kwa mikono miwili, uso hauna damu. Nikaenda. Sikuhesabu tena. Nilimfikia, nikamsukumia fremu, nami nikashika nguzo. Yunia akaja mbio na kiti.

Omariba alituambia yote akiwa amekaa hapo. Janefer, mke wa mwanawe, ndiye humleta akimshika mkono, kisha hujificha nyuma ya ua ili aonekane anatembea peke yake. Foleni ya kituo hajawahi kuiona. Leo Janefer alimwacha akakimbilia kuchuma. Anaogopa kila siku, akasema, kuliko alivyoogopa siku ya oparesheni.

"Mzee," Yunia akaniambia, "unajua umesimama wapi?"

Nikatazama. Getini! Nikaikumbatia nguzo kama Omariba.

Jumanne, 11 Novemba

Sirudishwi wadini. Mungu ni mwema. Nilidhani nimemaliza, kumbe Yunia ameacha amri mpya kwangu na kwa Omariba: kupanda ngazi ya mlango wa mbele mara kumi kila asubuhi. Ngazi ileile! Usingizi umekataa.

Asubuhi Mama Weldon aliniita kutoka kwa ng'ombe.

"Baba Weldon, banda umemaliza?"

Alimaanisha kupanda ngazi; kwetu b na p nazo ni kama g na k. Nilielewa vizuri kabisa.

Lakini tuna banda la kuku hapo nyuma ya jikoni. Ni kavu, halina ngazi, na kiti kinaingia. Nimeingia na kutoka mara kumi, nikipumzika ndani kila mara. Nimeandika: Banda 10. Vema.

Adhuhuri Janefer ameleta ujumbe. Omariba ameniona kutoka kwake, anauliza kama ndani ya banda kuna nafasi ya viti viwili. Nimemjibu alete chake.