Mkurugenzi wa Sebuleni

Siku Spika alipoiona riziki yake, ilikuwa imekaa kwenye ukurasa wa tatu wa fomu ya mtu mwingine. Alikuwa ameegemea kaunta ya duka la fotokopi, mahali ambapo wahitimu wasio na kazi huonana mara nyingi kuliko walivyokuwa wakionana darasani, akamsikia kijana wa pembeni yake akisonya. Kijana alikuwa amejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na shahada bila taabu, kisha kalamu ikagoma. Fomu ilitaka jina na simu ya mwajiri wake wa mwisho. Wa mwisho angetoka wapi, na wa kwanza mwenyewe hajapatikana?

"Hiyo nayo ni shida, mkubwa?" Spika akamuuliza. "Andika Kampuni ya Mipango na Ushauri. Mkurugenzi ni mimi."

Kijana akamtazama kuanzia kandambili hadi nywele. Spika akakohoa, akaishusha sauti mpaka ikagusa tumbo, akasema kwamba kijana huyu alifanya kazi chini yake miezi kumi na minane, na siku aliyoaga, ofisi nzima ilishindwa kula mchana. Kijana akageuka nyuma kumtafuta mzee aliyekuwa akisema. Mzee hakuwepo. Spika akamtajia namba, kijana akaiandika.

Sasa tuelewane kuhusu huyu Spika, tusije tukamwonea wala kumpendelea. Jina alipewa chuoni kwa ajili ya koo lake: akiomba chumvi ndani ya bwalo, aliye nje ya bwalo angeweza kumletea. Alikuwa na shahada moja, miaka mitatu ya mtaani, na kochi. Kochi lenyewe lilikuwa la dada yake, fundi cherehani, aliyeolewa na mwanamume mpole kupita kiasi. Shemeji huyo hakuwahi kumtamkia Spika neno baya. Kila jioni alisimama mbele ya kochi, akalitazama, kisha akaenda kukaa kwenye stuli jikoni. Upole wa namna hiyo kwa miaka mitatu unachosha kuliko matusi.

Basi ofisi ya Mkurugenzi ikafunguliwa pale sebuleni. Spika alinunua laini ya pili, akaiita laini ya kazi, na ikilia tu alimpungia dada mkono, dada akakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote, na huko upande wa pili mtu wa ajira akasikia mitambo ya kampuni yenye shughuli nyingi. Dada alikuwa ameambiwa ni usaili wa kwenye simu, na kwamba wasomi wakisailiwa huzungumza kwa sauti nzito. Naye alimpenda mdogo wake, akakanyaga.

Ukweli usemwe, Mkurugenzi aliijua kazi yake. Kiwanda cha unga kilipouliza mwombaji ana mapungufu gani, alijibu analo moja tu, kwamba jioni hataki kwenda nyumbani. Shule moja ilipouliza kwa nini alimwacha mtu mzuri hivyo, alisema alimwondoa yeye mwenyewe kwa sababu alikuwa anamwaibisha: mkurugenzi anaingia saa mbili, kumbe mtumishi yupo tangu saa kumi na mbili. Watu wa ajira walicheka, wakaandika, wakaajiri. Na waliojifanya wakali ndio walioandika upesi zaidi, kwani mkali akisifiwa kwa ukali wake huona haraka kwamba anayemsifu ni mtu wa maana.

Pesa hakupokea. Alisema pesa huacha ushahidi, ingawa sababu kubwa ni kwamba wateja wake hawakuwa nazo. Alipokea mavazi. Huyu shati, yule mkanda, mwingine tai ya harusi ya baba yake, na aliyepata kazi benki akatoa viatu vyeusi vya ngozi kwa machozi ya furaha. Mwaka ulipoisha Spika alikuwa ndiye kijana anayevaa vizuri kuliko wote mtaani, na hakuwa na pa kwenda.

Aliyeyaona yote hayo tangu mwanzo alikuwa Kimya. Huyu alisoma na Spika darasa moja, na kwa miaka mitatu ya chuo alisikika mara mbili: siku ya kuitika jina, na siku aliyomwomba mhadhiri asogee maana anaziba ubao. Baada ya chuo hakungoja sana, akachukua kazi pale pale kwenye duka la fotokopi. Kila mteja mpya alitaka kwanza kuisikia sauti ya Mkurugenzi, na kila mara Spika aliitoa pale kaunta, hatua mbili kutoka kwenye mashine, na Kimya akaendelea kupanga karatasi. Spika alimhesabu pamoja na vifaa vya duka.

Kisha mambo yakabana nyumbani. Dada alimwambia akiwa na pini mdomoni, labda ili asilazimike kusema mengi: mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi, miguu inamsumbua, na atalala sebuleni. Godoro la mama mkwe lilitangulia wiki nzima, likasimamishwa ukutani mkabala na kochi. Spika akalala akilitazama. Kurudi nyumbani kwa baba hakuwezekani, maana baba alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni mkurugenzi, na aliyempa habari hizo, kwa ile sauti nzito, ni mwanawe mwenyewe. Kwa hiyo ilikuwa lazima ipatikane kazi ya kweli kabla ya mwezi kuisha, au aondoke akiwa na begi na aibu.

Ndipo Kimya alipomwita kando, asubuhi moja, akamsukumia fomu na koti zuri la kijivu la kaka yake. Kampuni ya bima ilitaka Afisa Uhusiano. Akamwomba Mkurugenzi amsemee.

Spika alilipokea koti, ndicho kipande alichokuwa amekikosa, akaisoma fomu polepole. Meza yako mwenyewe. Kadi ya matibabu. Mshahara wa kila mwezi. Hayo maneno mawili, "kila mwezi", aliyasoma mara tatu. Halafu akaona nafasi ni moja.

"Ondoa shaka, dada yangu," akamwambia Kimya. "Nitakusemea mpaka waone haya."

Jioni yake akarudi dukani, akamkuta mama mwenye duka peke yake, akatoa kopi za vyeti vyake, akaomba nafasi ile ile, na mwajiri wake wa mwisho akamwandika nani? Mkurugenzi. Alijituliza kwamba huo ni ushindani wa kawaida. Kimya atasifiwa kama alivyoahidiwa, ila yeye atasifiwa kidogo zaidi.

Wote wawili wakaitwa kwenye usaili, Ijumaa saa tatu asubuhi. Jumatano ikalia laini ya kazi. Dada akapungiwa mkono, cherehani ikaunguruma.

Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Alisema anapiga kutoka idara ya ajira, kampuni ya bima, na ana waombaji wawili ambao wote wanadai walikuwa chini ya Mkurugenzi.

"Nafasi ni moja, Mkurugenzi, na mimi macho yangu yamechoka kusoma vyeti. Nitafuata neno lako. Tuanze na huyu binti."

Tumpe haki yake, Spika alilitazama kwanza koti la kijivu. Kisha akalitazama godoro.

"Binti ana tabia nzuri," akaanza, na angeishia hapo mambo yangekuwa mengine kabisa. "Isipokuwa hasemi, mama. Mteja akimuuliza kitu leo, atajibiwa mwaka kesho. Halafu, sipendi kumsema mtoto wa mwenzangu, lakini alipokuwa anabaki peke yake ofisini, sukari ya chai ilikuwa inapungua."

"Sukari," mama akasema.

"Inapungua."

"Na huyu kijana?"

"Huyo aliponiachia kazi nililia. Mimi, mtu mzima."

Mama akashusha pumzi. Akasema Mkurugenzi amemtua mzigo, na kwamba mtu wa sifa hizo ni aibu kumsumbua na usaili. Basi Ijumaa asije. Aje Jumatatu saa mbili kamili, moja kwa moja kazini, na tafadhali Mkurugenzi amfikishie ujumbe.

"Nitamwambia," Spika akasema kwa ile sauti nzito, akakata simu, akajiambia.

Kilichofuata kilikuwa sherehe. Spika alimnyanyua dada pamoja na stuli yake, dada akazipeleka habari kwa wateja wote wenye nguo zisizokwisha, na Ijumaa saa tatu, wakati wenzake wanatoka jasho mlangoni kwa watu, bwana afisa alikuwa amelala chali kwenye kochi, miguu juu, anasubiri Jumatatu. Hata dhamiri haikumsumbua. Kama ilimsumbua, alilala nayo.

Jumatatu akaamka saa kumi na moja. Akanyoa, akaoga, akanyoosha suruali mpaka mstari ukasimama, akavaa shati la huyu, mkanda wa yule, tai ya harusi, viatu vya benki na koti la kijivu. Dada alimzunguka mara mbili akimtoa nyuzi zisizokuwepo, machozi yakimlengalenga. Kabla Spika hajafika mlangoni, shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kochi.

Alifika kabla ya mlinzi hajafungua geti. Idara ya ajira alimkuta mwanamume mwembamba mwenye miwani, anafuta meza yake mwenyewe kwa kitambaa. Spika akajitambulisha, akasema yuko tayari kuoneshwa meza.

"Meza ipi?" mwenye miwani akauliza. Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Wewe Ijumaa tulikuita mara tatu pale nje. Hukuja. Nafasi imepata mtu."

Spika akatabasamu kwa subira. Akaeleza kwamba yule mama wa idara hii alimwambia mwenyewe asije.

"Mama gani, ndugu yangu? Idara hii ni mimi. Nikiumwa, inafungwa."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Kimya, kitambulisho shingoni, faili kifuani. Akamtazama Spika, akatabasamu.

"Habari za asubuhi, Mkurugenzi," akasema kwa sauti ya mama mtu mzima, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusubiriwa.

Spika akashika ukingo wa meza. Mwenye miwani, ambaye hakuelewa kitu, alimsogezea kiti, na Kimya akaomba dakika tano, akamtoa mgonjwa hadi kwenye korido.

Huko alimweleza mambo yote, na alisema mengi kuliko yale ya miaka mitatu ya chuo. Kumbe mama mwenye duka alimtajia asubuhi yake kwamba mwenzake alipita jioni kutoa kopi za kampuni ya bima. Hakukasirika, kazi ni ya kila mtu. Alimfuta Mkurugenzi kwenye fomu yake, akamwandika mama mwenye duka, ambaye ndiye mwajiri wake wa kweli. Ila alitaka kujua, Spika akiulizwa, atasema nini. Na sauti za kuigiza alikwisha jifunza bure pale kaunta, mwaka mzima.

"Na ningekusifu?" Spika akauliza.

"Ningekwambia Ijumaa usichelewe. Hata baada ya kusema mimi ni bubu ningekwambia. Iliyoniuma ni sukari." Akaliweka faili sawa kifuani. "Mimi chai sinywi."

Spika alijaribu koo lake na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe lilimnyima. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Akaanza kulivua koti. Alikuwa akifikiria jinsi ya kumwomba shemeji asogee kwenye kochi, na akajua kwamba hawezi, hata angepewa sauti zote za duniani.

"Baki nalo mpaka mshahara," Kimya akasema.

"Mshahara gani?"

Kimya akatoa simu, akapiga, akaishika katikati yao ili wasikie wote. Mama mwenye duka akaitika huku mashine ikisaga karatasi vibaya nyuma yake, akalalamika kwamba foleni imefika barabarani na hajui kubadilisha wino. Kimya akamwambia amepata mtu wa kushika nafasi yake, yule wa sauti. Pale mshahara ni mdogo, akamnong'oneza Spika, lakini unatosha chumba kimoja na sufuria mbili, ameishi nao miaka mitatu.

"Ni mwaminifu?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

Spika akafumba macho.

"Basi kazi anaiweza?"

"Sijawahi kumwona akifanya. Lakini leo amefika huku kabla ya mlinzi, mama. Amenyoa, amepiga pasi. Hajaamka hivyo kwa kuigiza. Huyu anataka kazi. Wewe funga droo yako kwa ufunguo miezi mitatu ya kwanza, mengine atajifunza."

Spika alikuwa amewasifu watu thelathini na mmoja kwa maneno matamu, na hata neno moja halikuwa la kweli. Haya ya Kimya yalikuwa mabaya nusu, na yote yalikuwa ya kweli, na mtu mzima akajikuta anajifuta uso kwa tai ya harusi ya baba wa mtu. Kwenye simu mashine ikakwama kabisa, watu wakaanza kunung'unika.

"Anaweza kuanza lini?" mama akauliza.

Kimya akamkagua kuanzia viatu mpaka kola.

"Sasa hivi," akasema. "Ameshavaa."