Chemchemi Isiyozinduliwa

Ninayo furaha, iliyopitishwa na kikao halali, kuutangazia umma kwamba Hifadhi ya Chemchemi, Wanyamapori na Mapumziko ya Chanika imefunguliwa, na kwamba maneno ya mtaani kuhusu nani hasa aliyeifungua yapuuzwe. Mimi naitwa Anselmo, Afisa Itifaki Mwandamizi wa Kurugenzi ya Chemchemi na Burudani Tulivu. Nilikuwepo. Mambo yalikwenda vizuri sana, ila hayakwenda tulivyopanga.

Kwanza tuelewane. Chemchemi ile watu wa Chanika wameichota tangu enzi za mababu zao, lakini hayo yalikuwa maji tu. Siku Kurugenzi ilipoizungushia senyenge ikawa mradi, na mradi hauanzi mpaka mgeni rasmi akate utepe. Kwa hiyo, kisheria, maji yale yalikuwa bado hayajaanza kutoka. Anayeyachota anachota kitu ambacho hakipo, na hilo ni kosa zito kuliko wizi.

Wanyama nao tuliwapanga. Tumbili tuliwafukuza kwa manati wasije wakaonekana kabla ya wakati. Kwenye bango tulikuwa tumeahidi mamba, mamba akakosekana, basi tukamkaimisha kenge. Mpaka leo yeye ndiye Kaimu Mamba, na analala mbele ya bango lake kwa nidhamu ambayo pale ofisini sijaiona. Familia moja kutoka Vingunguti ilikuja na mkeka, chapati na watoto ili waangalie ndege. Marietha, mlinzi wetu wa getini, akawaambia wakae wameipa hifadhi mgongo mpaka izinduliwe. Walikaa. Baba wa watoto alichungulia mara moja akaonywa.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mahema meupe na bluu yakasimama, viti vikavalishwa satini, meza kuu ikawekwa maua ya plastiki. Barabara tuliifunga tangu alfajiri ili msafara wa mgeni rasmi usikutane na binadamu. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Mudathir, mwenyekiti mpya wa bodi yetu, mpya kiasi kwamba hata picha yake ilikuwa haijatufikia.

Saa nane mchana alikuwa hajafika. Kuna watu wasio na mafunzo watauliza kwa nini sikumpigia simu. Jamani! Mgeni rasmi haulizwi yuko wapi. Unasubiri akuulize wewe uko wapi.

Aliyekuja ni Bi Tunu, ndoo mkononi, kwa mara ya tatu siku hiyo. Nyumba yake iko upande wa pili wa senyenge.

"Shikamoo Bi Tunu."

"Marahaba. Mgeni wako kafika?"

"Yuko njiani, bibi."

"Yuko njiani tangu asubuhi, anatokea Kongo? Sikiliza baba. Leo namtoa mjukuu wangu Naima. Ndoa imeshafungwa msikitini huko Kimbiji, sasa hivi bwana harusi na watu wake wanakuja kumchukua mkewe na kula pilau. Mchele ninao, nyama ninayo, kuni zinawaka bure. Maji sina. Bomba limekata, na boza la maji mmelizuia nyie huko barabarani. Nipe ndoo mbili tatu tu."

"Bibi, maji hayo hayajazinduliwa."

"Mbona nayaona yanatoka?"

"Yanatoka kwa majaribio."

Bi Tunu akaweka ndoo chini, akajishika kiuno. "Anselmo, nikiwalaza na njaa wakwe wa Kimbiji, mjukuu wangu atasimangwa huko mpaka anazeeka. Watamwambia kwao hata maji ya kupikia hawana, na huku wanalala na chemchemi uani! Hiyo aibu utaibeba wewe?"

Roho iliniuma, sidanganyi. Lakini roho haimo kwenye ratiba. Nikamwomba arudi nyumbani na avute subira, akaondoka akinitazama vile ambavyo sipendi kutazamwa.

Hazikupita dakika nyingi nikasikia matarumbeta. Msafara! Pikipiki mbele inawasha taa, nyuma yake pikapu imebeba wapiga tarumbeta, halafu gari kubwa jeusi limefungwa maua na utepe mwekundu. Nikasema kimoyomoyo, huyu sasa ndiye kiongozi, amekuja na utepe wa akiba. Nikakimbia kufungua mlango.

Itifaki inataka afisa asimwangalie mgeni rasmi usoni, aangalie viatu. Viatu viling'aa balaa. Juu yake nilihisi suti nyeusi na miwani ya jua. Sauti ikauliza, "Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, mheshimiwa. Tumekusubiri sana."

"Aisee samahanini. Barabara imefungwa na majitu fulani huko, tumezungukia mashambani."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya majitu hayo. Nikampeleka meza kuu, akakaa kwenye kile kiti kikubwa, vigelegele vikapigwa. MC akampa kipaza sauti. Hotuba yake, niseme ukweli, ilinigusa.

"Kwanza nawashukuru wakwe zangu wote mliopo," alisema, na mimi sijawahi kusikia kiongozi akiwaita wananchi wakwe. Watu wakapiga makofi. "Kitu hiki nimekihangaikia miaka mitatu. Wengine walinikatisha tamaa, wakaniambia mtoto wa Kimbiji utaweza wapi. Leo nimeweza! Naahidi kuja hapa kila sikukuu, na Mungu akijalia nitawaletea watoto wengi sana."

Nikakariri maneno hayo kama sera ya utalii wa ndani.

Nikampa mkasi kwenye sahani. Akautazama, akasema, "Duh, nyie watu wa Chanika mna mambo," akakata utepe. Spika zikalipuka kwa singeli. Ile familia ya Vingunguti ikageuka na kuanza kuangalia ndege kwa pupa. Mheshimiwa akaniinamia sikioni.

"Braza, mke wangu yuko wapi?"

"Ratiba haimtaji, mheshimiwa."

Ndipo sauti ya Bi Tunu ikatoka getini, alikuja kwa safari ya nne. "We Nurdin! Unafanya nini huku? Mkeo yuko nyumbani anakungoja, wewe umekaa na hawa wendawazimu wa senyenge!"

Kwa mara ya kwanza nikainua macho nikamtazama mgeni rasmi usoni. Alikuwa kijana wa kama miaka ishirini na tano, ana ua mfukoni, na ametoa macho kuliko mimi.

"Si mliniambia mahema meupe na bluu!" alilia.

"Na kwangu ni meupe na bluu," Bi Tunu alisema. "Mwenye kukodisha ni huyohuyo."

Nikatangaza kwenye kipaza sauti kwamba uzinduzi umefutwa na maji yarudi kutotoka. Marietha akanisogelea taratibu.

"Mkuu, kanuni uliandika mwenyewe. Aliyekaa kiti kikubwa akikata utepe, hifadhi imezinduliwa. Sasa utepe umekatika, tufanyeje, tuushone?"

Kabla sijajibu watu walishaingia na madumu, ndoo, hata sufuria za meza kuu. Bi Tunu alijaza ndoo yake ya kwanza akanitwika mimi. "Beba. Na kazi yako itembee."

Nikabeba. Tulipofika kwake, mimi, yeye na bwana harusi, uani hapakuwa na ngoma wala kigelegele. Mbele ya mlango wa bi harusi, juu ya mkeka, alikaa mzee mnene mwenye suti, jasho linamtiririka, amepakwa marashi kichwa kizima. Wanawake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na mwiko wake.

Yasmini, shangazi wa Naima aliyefika jana yake kutoka Lindi, alikuja mbio. "Mama, ulipotoka tu hapa bwana harusi kafika, sie tumempokea kwa vigelegele, hata hakubisha. Lakini mbona mzee hivi? Naima kachungulia dirishani, anapiga kelele siye huyo, siye huyo. Nikamwambia wote tulisemaga hivyohivyo."

"Bwana harusi huyu hapa," Bi Tunu alisema, akamsukuma Nurdin mbele. Ndani ya nyumba Naima akapiga kigelegele mwenyewe.

"He! Na huyu?" Yasmini alishika mdomo. "Maana huyu kaomba maji kwa upole jamani, mpaka nikamhurumia. Nikamwambia baba, maji hakuna, kuna zee moja zembe linaitwa mgeni rasmi, limelala kwake, chemchemi nzima imefungwa inalisubiri. Nikamwambia likitokea hapa nalipiga na huu mwiko. Tangu hapo hata tone hajaomba tena."

Nikatazama viatu vya yule mzee. Viling'aa kuliko vya Nurdin. Nikaelewa, nikaitua ndoo chini.

Bi Tunu alimsogelea. "Kwani baba wewe ni nani?"

Yule mzee alinitazama mimi, akatazama beji yangu ya Kurugenzi, akatazama miiko ya wale wanawake.

"Mie," alisema Mheshimiwa Mudathir, "mie ni upande wa bwana harusi."

"Kumbe mtu wetu! Basi inuka, unakaaje kwenye mkeka wa bwana harusi na maji hayajatosha? Shika ndoo, mfuate Anselmo."

Tukaenda. Pale getini palikuwa na foleni ya kutisha, na Marietha alikuwa anaisimamia kwa rungu. Nikafungua mdomo nimtaje mgeni wangu kwa cheo chake kamili. Mheshimiwa akanikanyaga mguu. Tukapanga foleni nyuma ya mama mmoja na madumu sita, na Mheshimiwa alipojaribu kumpita akaambiwa asilete umjini.

Tulikwenda na kurudi mpaka masufuria yakajaa. Suti ililowa, tai ikawa kata ya kichwani. Alipomimina ndoo ya mwisho, pilau ikiwa tayari inanukia na wakwe wa Kimbiji wamenawa mikono, Bi Tunu alimpa maji kwenye kikombe kikubwa cha bati, akamtazama anavyoyagugumia.

"Mungu akubariki baba," alimwambia, na alimaanisha kabisa. "Ungekuwa wewe ndiye mgeni rasmi, leo tungekunywa maji tangu asubuhi."

Mheshimiwa akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akachukua ndoo, akaenda kuchota nyingine ambayo hakuna aliyemtuma.