Mbu wa Saa Sita Mchana na Mikono ya Iride

Learco Brandolini,
Mkuu wa Stesheni Mstaafu,
Mtaa wa Kinu cha Zamani, Namba 9,
Borgo Ravaldo, Romagna.
Ijumaa, 28 Agosti

Kwa Mheshimiwa Meya, Bi. Ornella Tassinari

YAH: MBU ASIYEFUATA RATIBA, NA MTU ALIYEMFUGA

Mheshimiwa Meya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na umeketi, maana ni ndefu. Mimi sijambo. Mgonjwa ni jirani yangu, Iride Zattoni.

Iride unamfahamu, kwani katika mji huu hakuna ambaye hajala tambi zake. Kila Jumapili kwa miaka kumi na minne, tangu mke wangu Argia afariki, amekuwa akinipitishia sahani juu ya ukuta huku akinisuta: "Haya kula, usije ukafa hapo nikakosa mtu wa kumsema." Wiki tatu zilizopita alishikwa na homa kali. Homa imekwisha, lakini viungo bado vinamuuma. Vidole havikunjiki, na kile kifimbo chake cha kusukumia unga hawezi hata kukiinua. Jumapili tatu sasa nakula tambi za pakiti. Siandiki kwa ajili ya tumbo langu, ingawa nalo lina haki ya kusikilizwa. Naandika kwa sababu juzi nilimkuta jikoni ameketi anaitazama mikono yake, na hakunitania hata kidogo. Hilo limeniumiza sana.

Daktari anasema ni chikungunya. Anasema jina hilo limetoka kwa Wamakonde, watu wa kusini mwa Tanzania, na maana yake ni kupinda. Basi wenzetu wameujua ugonjwa huu hadi wameupa jina, wakati sisi hapa kwenye mgahawa wa uwanjani bado tunabishana kama ni mafua ya kiangazi au ni upepo wa kiyoyozi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa za kazi. Mbu wa zamani, yule niliyekua naye, alikuwa na adabu. Alikuja jua likizama, akapiga honi yake, ukajua amefika. Huyu mgeni mwenye milia mieupe miguuni anauma saa sita mchana, kimya kimya, ukiwa na uma mkononi. Nimesimamia stesheni miaka thelathini na mmoja, na hakuna chombo nilichokiruhusu kuingia bila honi wala ratiba. Tena msimu wake hauna mwisho. Zamani ikifika katikati ya Septemba tulikuwa tumeshaagana. Mwaka jana aliniuma Novemba mosi, makaburini, nimevaa koti. Naomba ofisi yako imwandikie ratiba, naye aisaini.

2. Abiria. Daktari anaeleza kwamba msafiri mmoja alirudi likizo na homa, mbu wetu akamuuma, kisha akaja kumuuma Iride. Maana yake mbu anabeba abiria bila kuwakagua. Mimi ningefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

3. Umbali. Hapa naomba usome polepole. Mbu huyu, kwa mujibu wa daktari, haendi mbali na alipozaliwa. Akifika mita mia mbili amechoka. Anazaliwa kwenye maji yaliyotuama: sahani ya chungu cha maua, ndoo, mfereji wa paa. Kwa hiyo mfugaji wake yumo ndani ya mita mia mbili kutoka jiko la Iride. Nimezipima kwa hatua, mara mbili, na kofia yangu ya kazi kichwani ili watu wasidhani nazurura.

4. Washukiwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana nimeanza na majirani. Mfamasia Gualtiero ana vyungu kumi na tisa barazani, kila kimoja na sahani yake. Nilipomuuliza alinijibu, "Learco, kaangalie kwako." Hayo ni majibu ya mtu mwenye hatia. Kanisani kuna chombo cha maji ya baraka. Padri anasema yamebarikiwa, lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba mbu anaogopa baraka. Nalazimika pia, kwa heshima zote, kuitaja chemchemi iliyo mbele ya ofisi yako, ambayo haijatiririka tangu ulipoizindua. Nyumba yangu sikuikagua kwa sababu naijua.

5. Nisionekane mtu wa kulalamika tu: nawashukuru kwa vile vyandarua vya kufunika mapipa ya maji ya mvua na vile vidonge vya kuua viluwiluwi, mlivyotugawia mwezi Mei. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Chandarua ni imara mno. Hakuna ndege aliyepenya, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nimekula tini zangu mwenyewe. Vidonge navyo nimevihifadhi mahali pakavu, kama pakiti inavyoelekeza.

6. Adhabu. Mfugaji akipatikana, sitaki aonewe huruma. Kwanza, jina lake libandikwe kwenye ubao wa matangazo, juu ya matokeo ya mashindano ya karata, ambapo kila mtu husoma. Pili, kila Jumapili, hadi mikono ya Iride ipone, asukume unga yeye mwenyewe, jikoni kwa Iride, dirisha likiwa wazi na mtaa mzima ukitazama. Daktari anasema huenda ikachukua miezi. Vizuri. Na ajifunze.

Nisalimie karani wako, mtunza bustani, mama yako mzazi, na hata Gualtiero ukimwona, ingawa ni mshukiwa.

Nabaki raia wako mtiifu, saa mkononi,

Learco Brandolini

N.B. Mheshimiwa, leo ni Jumapili na barua bado ninayo. Ijumaa nilikuwa nalamba gundi ya bahasha mkaguzi wako wa afya, Fiorenza, alipobisha hodi. Nilimpokea kwa furaha, nikaanza kumwonyesha nyumba za washukiwa kwa kidole. Akasema, "Mzee wangu, tuanzie hapa hapa tulipo." Akachungulia pipa langu la maji ya mvua. Viluwiluwi vilijaa humo, vinacheza. Akauliza chandarua kiko wapi. Tukainua macho wote wawili tukautazama mti wa tini. Akauliza vidonge. Nikafungua droo, vyote kumi na viwili vimo. "Sasa mzee, ulikuwa unavitunzia nini?" Nikamwambia, "Shida ikija."

Kutoka pipa hilo hadi jiko la Iride ni hatua tisa.

Nilizunguka ukuta nikamweleza mwenyewe, kofia mkononi. Aliitazama mikono yake, kisha akaitazama yangu. Mwishowe akasema, "Learco, mtu mzima hovyo. Jumapili uje, na kucha uzikate." Basi leo nimesukuma unga mbele ya dirisha. Mtaa wote ulikuwepo. Gualtiero alikuja na kiti chake. Iride alielekeza kwa kidevu, kwa kuwa kidole kinamuuma. "Hiyo ni tambi au soli ya kiatu? Sukuma, baba, unga hauumi!" Nilijifanya nimeingiwa na unga machoni, kwa jinsi nilivyofurahi kusutwa tena.

Malalamiko namba nne nayafuta, isipokuwa chemchemi. Namba sita ibaki kama ilivyo. Jina langu nimeshalibandika ubaoni mwenyewe. Chandarua kingine sihitaji. Kile kile nimekishusha, nikakifunga juu ya pipa, na tini nimewaachia ndege.