Herufi Y Mbili na Pindo la Pazia

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Zimebaki siku tano. Jumamosi ni shindano la mwaka la Chama cha Wapangua Maneno. Wanachama ishirini na wawili, karibu wote wa miwani. Kanuni haijabadilika: unachukua neno, unapangua herufi zake, unazipanga upya hadi zizae neno jingine au maneno mengine yenye maana. Herufi isizidi, isipungue. Tunaita mpanguo.

Zawadi ni kamusi ya marehemu baba. Baba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono. Ndiye aliyeanzisha chama. Ndiye pia aliyekipa kamusi yake, kwa hiari na kwa maandishi, uamuzi ambao sijauelewa hadi leo. Mshindi hukaa nayo mwaka mmoja. Atakayeshinda mara tano mfululizo anaichukua jumla. Karani wa ofisi ya ardhi ameshinda mara nne.

Sipendi kutia chumvi. Lakini nikishindwa Jumamosi, mwandiko wa baba, uliojaa kwa penseli pambizoni mwa kurasa zile, utakuwa mali ya mtu anayeweka birika la chai juu ya kamusi. (Nimeambiwa hivyo. Aliyeniambia huongeza maneno.)

Mwaka jana nilipeleka "kalamu — ukamla". Mwenyekiti akataka kujua nani alimla nani. Karani akapeleka "karani — kinara". Makofi! Mtu anajisifu kwa herufi sita na watu wanasimama!

Mwaka huu ninao "mashairi — mi ishara". Nimehesabu mara tatu. Herufi nane kwa nane. Wacha waje.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimefanya uchunguzi. Neno "upelelezi" nalikataa.

Saa ya chakula cha mchana nilikwenda ofisi ya ardhi kuomba fomu ya kuhamisha kiwanja. Sina kiwanja. Karani akanikaribisha, akaniita dada, akamuulizia shangazi yangu, akaenda kabatini kutafuta fomu. Mezani aliacha karatasi yenye mwandiko wake, imemwelekea yeye. Kwangu ilikuwa kichwa chini. Hilo halinisumbui: mtoto wa mpanga herufi husoma upande wowote, na isitoshe mimi ni msahihishaji wa prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa, kwa mwaka wa kumi na tisa.

Nikaona y. Si moja. Safu nzima ya y, kila mstari una yake! Karani akageuka, nikajifanya nakuna goti.

Hitimisho: mpanguo wake una y nyingi. Inawezekana nimekosea. Lakini mtu mzima haandiki y kumi na mbili bila sababu.

Akanipa fomu, akaniuliza kiwanja kiko wapi. Nikasema bado tunakifikiria.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Maelezo ya lazima, ili nikija kusoma tena nijielewe. Siku ya shindano kila mpanguo hupangwa hadharani kwa herufi za risasi za baba, zile kubwa za kuchapia vichwa vya habari. Fundi saa, mwenye mkono usiotetemeka, hulipanga neno kwenye trei kwa kibanio chake, kisha huziinua herufi zile zile na kuunda jibu. Kisichopangika hakihesabiki. Sanduku la herufi nalitunza mimi, mtunza vifaa na kumbukumbu wa chama. Herufi nyingine zimepotea kwa miaka. Y zimebaki mbili tu.

Zilikuwa zimebaki mbili.

Sijaiba. Kitu cha baba, mikononi mwa mtoto wake, kimehama kutoka sanduku hadi kopo la sindano la shangazi, chumba kile kile, hatua nne. Nimelitazama suala hili kwa upande wa maadili, na naona kuna hoja pande zote mbili. Ya kwangu ina uzito zaidi kwa sasa.

Shangazi, dada yake baba, ninayeishi naye, aliingia akaniuliza natafuta nini kwenye vitu vyake, mimi ambaye hata kifungo sijui kushona. Nikasema uzi. Akacheka peke yake hadi jikoni.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Pigo.

Nilikutana na Bi Sarufi dukani. Huyu ni mwalimu mstaafu wa lugha, jaji wa pili wa shindano. Jina hilo tulimpa sisi na hakulikataa. Nikamuuliza kinadharia tu, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, kama "mi" inaweza kusimama badala ya "mimi". Akaniangalia juu ya miwani. Akasema "mi" ni neno la mtu aliyechoka katikati ya sentensi, na kwamba nimwambie huyo mtu mwingine aimalize "mimi" yake kabla hajafika mbele ya jaji.

Kwaheri, "mi ishara". Kesho saa kumi na moja jioni bahasha zinafungwa.

Nimejaribu maneno arobaini na moja. "Ushindi" haipanguki. "Zawadi" haipanguki. Najipangua mimi tu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimepata! Nimepata!

Asubuhi niliwekewa mezani prufu ya kumbukumbu za kikao cha ushirika fulani. Kurasa kumi na nne, na kila mstari mwenyekiti alisema, mwenyekiti alikumbusha, mwenyekiti alisisitiza. Ukurasa wa tisa herufi zikaanza kutembea zenyewe.

Mwenyekiti — enyi, mtwike!

Herufi kumi. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Na maana yake! Hicho ndicho cheo chenyewe: watu wanasimama pembeni, mmoja anatwishwa mzigo. Nililia kidogo chooni. Saa kumi na nusu nikaipeleka bahasha dukani kwa fundi saa, nikatoka nikitembea kama bibi harusi.

Nilikuwa nimefika kwenye mwanya wa uzio wa shule nilipolitaja tena neno langu taratibu, herufi kwa herufi, kwa raha. M, w, e, n, y.

Y!

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na viatu vile. Kopo la sindano lina sindano. Nikamuuliza shangazi kwa sauti ya kawaida kama ameona vipande viwili vidogo vya risasi. Akasema ameviona, na amemshukuru Mungu, maana alikuwa anahangaika na mapazia ya ukumbi. Mapazia gani? Ya ukumbi wa chama chenu, mwanangu, mwenyekiti si aliniomba mwenyewe? Kitambaa chepesi, kinapepea kama kanga kwenye kamba, kwa hiyo amekishonea vizito kwenye pindo, kimoja kila kona. Leo mchana wameyatundika. Yametulia, nitapenda.

Nikauliza kama aliona kwamba vile vizito vina herufi. Akasema yeye haangalii maandishi, anaangalia uzito. Tena akaniuliza kwa nini rangi imenitoka.

Ukumbi una kufuli hadi kesho saa nne. Nimetia mkasi kwenye mkoba.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika kwa utulivu. Nitajaribu.

Nilifika wa kwanza, lakini mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuliko mimi. Nikachukua kiti cha dirishani, kona ya kushoto. Shangazi akakaa nyuma yangu ili ayaone mapazia yake. Mpango ulikuwa rahisi: ningesubiri zamu ya karani, macho yote yakiwa kwenye trei, ningepita nyuma ya pazia, nifumue pindo, nimpelekee fundi saa ile y nikisema nimeiokota sakafuni.

Karani akaitwa. Neno lake lilikuwa "rafiki". Herufi sita! Y haimo! Sikuwa na nafasi ya kushangaa, nikazama nyuma ya pazia.

Kwa hiyo ushindi wake niliusikia, sikuuona. Nilisikia fundi saa akipanga rafiki. Kisha kibanio kikagonga trei, na fundi akasoma: fakiri. Kibanio tena. Fikira. Watu wakavuta pumzi. Kisha mara ya nne, herufi zile zile sita, akasoma taratibu: fariki. Mtu mmoja alipenga kamasi. Rafiki aliyefilisika, akabaki na mawazo, akaondoka duniani, na hakuna herufi iliyotoka wala kuingia. Mkasi ulinisimama mkononi. Mpanguo ulikuwa mzuri. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kisha nikafumua kwa hasira, na shangazi hushona mishono ya kudumu. Nikavuta. Fimbo ya pazia ikaja na pazia, pazia likaja na mimi. Y ikaanguka sakafuni: ta!

Nilipotoa kichwa, wanachama wote ishirini na mmoja walikuwa wananitazama, pamoja na shangazi. Wa kwanza kusema alikuwa shangazi. Akauliza kama ile digrii niliisomea au niliiokota, maana mtu mwenye akili anaona mlango, hapiti kwenye pazia la watu. Fundi saa akainama, akainua kile kipande kwa kibanio, akakisogeza kwenye mwanga, akatangaza kwa upole kwamba ni y.

Nikaeleza. Maelezo yalianza vizuri. Mwisho wake nilikuwa nimekiri kila kitu, hata kiwanja.

Karani akacheka hadi akavua miwani. Akasema karatasi ile ilikuwa orodha ya hati: hati namba fulani, hati namba fulani. Dada, akasema, ulikaa upande wa pili wa meza. H ukiigeuza kichwa chini ni nini? Ukumbi mzima ukaandika hewani kwa vidole. Miaka kumi na tisa ya prufu!

Hata hivyo mwenyekiti akaamuru bahasha yangu ifunguliwe, kwa kuwa alisikia cheo chake kimo. Fundi saa akapanga. Enyi, mtwike. Makofi yalianza! Nayasikia hadi sasa. Bi Sarufi akainua kidole. Enyi ni wengi, akasema. Unawaambia wengi wamtwike mmoja: basi ni mtwikeni. Iko wapi "ni"? Nikasema m ile ni ya ninyi, si ya yeye. Akasema basi mtwike nani, kichwa cha hewa? Aliyesimama kunitetea, kwa hoja tatu, alikuwa karani. Sijui anatafuta nini.

Mpanguo ulikataliwa. Kamusi ni yake milele. Mwenyekiti akatangaza kuwa, kwa vile zawadi imekwisha, kuanzia mwakani zawadi itakuwa sanduku la herufi za risasi, na hadi Ijumaa niwe nimelikabidhi kwa fundi saa.

Sanduku la baba. Sasa na hilo!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Karani amekuja nyumbani. Akamwamkia shangazi, akasifu mapazia (yaliyobaki), akaweka mezani kitu kilichofungwa gazetini. Kamusi.

Akasema ni yangu. Yeye alihitaji miaka minne tu, kwa sababu alikuwa anasoma penseli ya baba ukurasa kwa ukurasa, na wiki iliyopita alimaliza herufi Z. Mipanguo yake yote mitano ni ya baba; ule wa kwanza aliuona siku kamusi ilipowekwa wazi mezani mwa chama. Hakuificha: kila mwaka aliandika chanzo chini ya karatasi yake, na karatasi hizo hutunzwa na mtunza kumbukumbu.

Yaani mimi.

Alipoondoka nikafungua faili. Ni kweli. Mara nne, kwa mwandiko safi: "Kutoka pambizoni mwa kamusi, kazi ya marehemu." Sikuwahi kuzisoma. Nilikuwa nazitoboa na kuzifunga kwa uchungu.

Jalada halina alama ya birika.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimesoma kamusi tangu alfajiri. Penye "rafiki", yapo yote manne. Penye "karani", kinara. Penye "mwenyekiti" baba ameandika kwa penseli nyembamba: "enyi, mtwike". Kisha amekata mstari mmoja, na pembeni: "Haifai. Enyi ni wengi."

Tulifika mahali pamoja, yeye na mimi, kwa njia moja. Nilitamani kumwambia. Halafu nikatafakari kwa makini, nikapima pande zote, na hitimisho langu, ambalo nalitilia shaka kidogo sana, ni kwamba baba alikosea.

Kuhusu karani: hakuna mtu anayerudisha kamusi bure. Anataka sanduku. Nimepekua nikaona mpanguo mmoja ambao hajautumia, na baba ameuwekea alama tatu za vema: "habari — bahari". Mwakani atautoa huo, ni lazima. Unahitaji h.

Na h nimeiona sandukuni kwa macho yangu, safari hii haiko kichwa chini. Ziko tatu. Sanduku halikabidhiwi hadi Ijumaa. Nimezihamisha, hatua sita tu, ndani ya kopo la vifungo la shangazi, ambalo halina vifungo tena na hana haja nalo.

Jioni hii shangazi amenikuta nasoma. Anarekebisha lile pazia nililoliharibu, na mwenyekiti amemwomba ashone na ya dirisha la pili. Akaniuliza kama nimeona popote vitu vidogo vizito.

Nimemwambia sijaona.