Wanawake Watabaki Langoni

Basi lilikuwa limeshaanza kutoka langoni wakati Kamanda alipochomoza kichwa dirishani, kipaza sauti mkononi, akatangaza kwamba kituo kinaingia katika zama mpya. Askari wote walikuwa wanakwenda hotelini siku tatu kufundishwa usawa wa kijinsia na ujumuishaji. Wote, yaani wanaume.

"Nyinyi akina dada mtalinda kituo," alisema. "Mambo ya wanawake mnayajua tayari. Tusipoteze rasilimali."

Hoja ilikuwa nzito, na basi likaondoka nayo.

Koplo, mmoja wa akina dada hao, alibaki amesimama, saluti imemkaukia usoni. Si kwamba alitamani chai ya hoteli. Kozi ya usajenti ilikuwa inaanza mwezi ujao, na safari hii asiye na cheti cha mafunzo hayo hapokelewi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiambiwa asubiri. Sasa hata kusubiri kulitaka cheti.

"Usinune, mwenzangu," alisema Dada Redio, askari wa mawasiliano. "Wakirudi watatusimulia tulivyo sawa nao."

Vumbi la basi lilikuwa halijatulia vizuri, simu ya Kamanda ikaingia.

"Koplo! Mgeni rasmi kutoka makao makuu amefika na mkufunzi. Wote wanawake!"

"Hongera, afande."

"Hongera ya nini? Si niliagiza mwenyewe mwanamke asiingie ukumbi wa askari bila kupekuliwa na askari wa kike? Wamesimama juani huku!"

"Si uwapitishe tu, afande?"

"Nivunje amri yangu mbele ya makao makuu? Una wazimu? Nawatuma huko. Wapekue, halafu uwarudishe haraka."

Gari jeupe likafika. Mgeni rasmi, mama mnene mwenye nyota mabegani, akashuka na kupita nyuma ya pazia la ukaguzi. Koplo akampekua kama amri inavyotaka: mkoba, mifuko, viatu, hata kofia.

"Unajua kazi," mama alisema akifunga viatu. "Mbona wewe hauko mafunzoni?"

"Nimebaki, afande, ili wenzangu wapate nafasi ya kujifunza kuhusu mimi. Na kozi ya usajenti ndiyo imenipita hivyo."

Mgeni rasmi alicheka mpaka akashikilia pazia. Kisha akaita nje, "Mkufunzi! Shusha boksi la vyeti. Darasa liko hapa."

Wakasogeza mabenchi chini ya kivuli cha kibanda, mafunzo yakaanza. Kamanda alipiga simu kila walipofika patamu.

"Hujamaliza tu kuwapekua?"

Koplo alimtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi akatikisa kichwa.

"Bado, afande. Upekuzi ni wa kina."

Ulikuwa wa kina siku tatu.

Askari wa kike wote walipata vyeti. Koplo alikwenda kozi na sasa ni Sajenti. Dada Redio alihamishiwa makao makuu, anasema viti vya huko ni laini. Wanaume walikaa ukumbini, wakaunda kamati ya kusubiri, wakanenepa kidogo. Kamanda aliandika ripoti kwamba mafunzo yalifana na yeye binafsi yamemgusa. Ripoti ilisomwa na mgeni rasmi, naye akaagiza apewe mafunzo ya marudio. Mkufunzi alikuwa Sajenti. Kamanda alifeli mara mbili.